Heyrovský: Jamaa wa matone ya zebaki aliyefungua njia ya kupima majeraha ya DNA

Ukipitisha kidole kwenye simu yako leo jioni, huenda ukakutana na tangazo la kidonge, juisi au unga wa kijani unaosemekana kusafisha mwili, kuchelewesha uzee na kulinda DNA yako. Neno linalopendwa sana humo ni antioksidanti. Anayeuza ana ngozi inayong'aa, na ofa yake huisha usiku wa manane.

Kabla hujatuma pesa, jiulize swali moja tu: nani amepima?

Si swali la kejeli. DNA imekunjwa ndani ya seli, na seli yenyewe huioni bila darubini. Jeraha la herufi moja ya DNA ni dogo zaidi ya hapo. Sasa mtu atajuaje kama limetokea, na kama kidonge kimelipunguza? Njia zipo kadhaa, na mojawapo ya zile zinazoaminika sana hutumia umeme. Asili yake ni bwana mmoja wa Prague aliyetumia miaka mingi akitazama zebaki ikidondoka tone baada ya tone.

Anaitwa Jaroslav Heyrovský. Tamka Yaroslav Heirovski, usiogope. Alifariki 1967. Hakuwa daktari wa binadamu wala mtaalamu wa jeni. Hata hivyo, bila yeye hadithi ya DNA na umeme ingekuwa nyingine kabisa.

Mtoto wa profesa wa sheria

Heyrovský alizaliwa Prague tarehe 20 Desemba 1890, mtoto wa tano katika familia yao. Wakati huo Wacheki hawakuwa na nchi yao. Walikuwa chini ya milki ya Austria-Hungaria. Babake, Leopold, alikuwa profesa wa sheria ya Kirumi. Ungedhani kijana naye angeishia kuvaa joho la wakili. Wapi! Yeye alipenda kemia, fizikia na hesabu.

Alianza masomo Prague mwaka wa 1909, na mwaka uliofuata akahamia University College London. Pale alikuwepo William Ramsay, aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 1904. Baadaye akaja Frederick Donnan, ambaye kazi zake zilimvuta Heyrovský kwenye elektrokemia, yaani uhusiano wa umeme na mabadiliko ya kemikali. Alipata digrii yake 1913.

Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza 1914. Heyrovský akajikuta upande wa Austria, huku chuo chake kikiwa upande wa adui. Aliwekwa kwenye hospitali ya kijeshi, akichanganya dawa na kushughulikia mashine za eksirei. Masomo hayakusimama kabisa. Alipata nafasi ya kuendelea nayo, na 1918 akawa tayari kutahiniwa udaktari wa falsafa huko Prague.

Mtihani uliobadilisha maisha

Mmoja wa watahini wake alikuwa Bohumil Kučera, mwanafizikia. Kučera alikuwa na njia yake ya kuchunguza uso wa zebaki: unaipitisha kwenye mrija wa kioo wenye tundu jembamba mno, inadondoka ndani ya maji yenye chumvi, unaiunganisha na umeme, kisha unapima uzito wa matone. Ukibadilisha volteji, uzito wa tone hubadilika pia.

Tatizo ni kwamba vipimo vya Kučera vilikuwa na kasoro isiyoelezeka. Penye mchoro laini palitokea kinundu. Akamwomba kijana huyu alitazame jambo hilo.

Hebu fikiria, ndugu yangu. Una digrii ya London, umetoka vitani, uko karibu miaka thelathini, nchi yako mpya ya Chekoslovakia ndiyo kwanza imezaliwa. Na kazi unayopewa ni kukusanya matone ya zebaki na kuyapima uzito. Wangapi kati yetu wangesema hii si kazi ya mtu aliyesoma?

Heyrovský aliingia. Alipima kwa miezi, miezi ikawa miaka. Kučera alifariki 1921 kabla jibu halijapatikana. Mwanafunzi hakuacha.

Halafu akafanya badiliko dogo. Badala ya kupima uzito wa tone, akaamua kupima mkondo wa umeme unaopita kwenye tone hilo. Tarehe 10 Februari 1922 alichora kwa mara ya kwanza jinsi mkondo unavyobadilika volteji inapoongezwa taratibu. Mstari ulikwenda ukilala, kisha ghafla ukapanda kama ngazi. Alipouona, alitambua kwamba yale matone yalikuwa yanamwambia jambo kubwa kuliko alilokuwa akiuliza.

Ngazi inasema nini?

Umeshamwona fundi wa simu akitafuta hitilafu? Haoni umeme kwa macho. Anagusisha ncha mbili za mita kwenye bodi, anasoma namba, na namba inamwonyesha palipoungua. Njia ya Heyrovský ina tabia kama hiyo, ila bodi yake ni kimiminika.

Kila kemikali ina volteji yake ambapo hukubali kupokea elektroni, au kuzitoa. Ukiongeza volteji polepole, hakuna kinachotokea mpaka ufike kiwango hicho. Ukifika, elektroni zinaanza kuhama, mkondo unapanda, unapata ngazi. Mahali ngazi ilipo panakuambia ni kemikali gani. Urefu wa ngazi unakuambia ni kiasi gani. Yaani kwa mchoro mmoja unapata jina na hesabu.

Na kwa nini matone? Kwa sababu uso wa chuma kigumu huchafuka. Takataka za kipimo cha kwanza huharibu kipimo cha pili. Tone la zebaki huanguka baada ya sekunde chache na uchafu wake, na jingine linatokea likiwa jipya kabisa. Kila kipimo kinaanza kwenye uso safi.

Kuchora kwa mkono, nukta moja moja, kulichosha. Basi mwaka wa 1925 Heyrovský na Masuzo Shikata, mtafiti kutoka Japani, waliunda mashine iliyoongeza volteji yenyewe na kuandika mchoro yenyewe kwenye karatasi ya picha. Wakaiita polarografu. Kazi ya saa nyingi ikawa ya dakika. Mwaka wa 1926 Heyrovský akawa profesa wa kwanza wa kemia ya kifizikia katika Chuo Kikuu cha Charles, na mwaka huohuo akamwoa Marie Kořánová. Walipata watoto wawili.

Watafiti wa nchi mbalimbali wakaanza kuja Prague kujifunza. Mwaka wa 1934 mwanafunzi wake Dionýz Ilkovič alitoa mlinganyo unaounganisha urefu wa ngazi na kiasi cha kemikali, na hapo polarografia ikawa na mizani ya uhakika.

Oksijeni yashikwa ikicheza pande mbili

Hapa ndipo hadithi inapokugusa wewe unayepumua sasa hivi.

Waliotumia polarografu walisumbuliwa na mgeni mmoja ambaye hakualikwa: oksijeni ya hewani iliyoyeyuka kwenye maji. Ilichora ngazi mbili zilizofunika kila kitu. Mpaka leo, kabla ya kupima, wengi hupitisha gesi nyingine kwenye kimiminika ili kuifukuza oksijeni kwanza.

Lakini zile ngazi mbili zina maana. Ya kwanza ni oksijeni ikipokea elektroni na kugeuka hidrojeni peroksaidi. Ndiyo, ileile ya kubadilisha rangi ya nywele saluni. Ya pili ni peroksaidi hiyo ikipokea elektroni zaidi na kuwa maji. Oksijeni haiwi maji kwa mruko mmoja. Njiani hupitia hali yenye hatari.

Jambo linalofanana na hilo hutokea ndani ya seli zako. Seli hutumia oksijeni kupata nguvu, na sehemu ndogo yake hukwama njiani ikawa peroksaidi na radikali huru, chembe zenye njaa ya elektroni. Zikikosa pa kuzipata, huzinyang'anya kwa jirani. Kunyang'anywa elektroni ndiko wanakemia wanakoita kuoksidishwa. Bati likishika kutu, limeoksidishwa. Parachichi ulilolikata na kulisahau likageuka rangi, nalo pia.

Na wakati mwingine jirani anayeibiwa ni DNA.

Vita vya pili na wingu la shaka

Turudi Prague. Machi 1939 majeshi ya Ujerumani ya Hitler yaliingia mjini. Tarehe 17 Novemba mwaka huo vyuo vikuu vya Wacheki vikafungwa. Wanafunzi wengi walikamatwa na kupelekwa kambini. Maprofesa wakabaki bila kazi.

Heyrovský aliokolewa na mtu ambaye hungemtarajia. Johann Böhm, profesa Mjerumani wa Prague aliyewapinga Wanazi, alimwezesha kuendelea kutumia maabara yake. Humo, vita vikiendelea, Heyrovský alianzisha njia mpya: kuutazama mwitikio wa umeme papo hapo kwenye skrini, badala ya kungoja karatasi. Ikaitwa polarografia ya osiloskopu.

Vita vilipoisha 1945, bahati hiyo ikageuka doa. Mbona wewe uliruhusiwa kufanya kazi wenzako wakifukuzwa? Kulikuwa na watu waliomtilia shaka kwamba alikuwa karibu mno na wakaliaji, na haikuwa rahisi kwake. Hapa unaona kwamba maisha ya mtu mkubwa si ngazi inayopanda tu. Kuna wakati hata usafi wa nia yako haukukingi na midomo ya watu.

Shaka hizo hazikummaliza. Mwaka wa 1950 aliwekwa kuongoza taasisi mpya ya polarografia mjini Prague. Na 1959, baada ya kupendekezwa mara kadhaa bila mafanikio, alitunukiwa Nobel ya Kemia. Alikuwa raia wa kwanza wa Chekoslovakia kupata tuzo hiyo. Zilikuwa zimepita miaka 37 tangu ile ngazi ya kwanza.

Kijana wa Brno aiuliza DNA

Wakati mzee akielekea kuvishwa medali, katika mji wa Brno palikuwa na kijana aitwaye Emil Paleček. Brno ni mji uleule ambako Gregor Mendel alipanda minji yake, yule uliyemsoma kwenye Bayolojia. Paleček alifanya kazi kwenye taasisi ya biofizikia, na alikuwa na kifaa cha polarografia ya osiloskopu, ile njia iliyoanzishwa wakati wa vita.

Umbo la DNA, nyuzi mbili zilizosokotana, lilikuwa limetangazwa 1953. Paleček akaamua kuiweka DNA mbele ya zebaki aone kama itajibu. Ikajibu. Mwaka wa 1960 alichapisha matokeo hayo katika jarida la Nature. Kisha ikaonekana kwamba DNA iliyosokotana vizuri inajibu tofauti na DNA iliyofumuliwa kwa joto. Baadaye ikabainika pia kwamba uzi uliokatika una sauti yake ya umeme, tofauti na ya uzi mzima.

Unaona? Chombo kilichotengenezwa ili kuelewa kinundu kwenye mchoro wa zebaki sasa kilikuwa kinatambua DNA iliyoumia. Heyrovský hakukipangia kazi hiyo.

Herufi inayoibiwa kwanza

DNA ina herufi nne: adenini, timini, saitosini na guanini. Guanini ndiyo mwepesi zaidi kutoa elektroni. Kwa hiyo mwizi akija, mara nyingi huanza naye. Guanini iliyooksidishwa huitwa 8-oksoguanini. Mnamo 1984 watafiti wa Japani, Hiroshi Kasai na Susumu Nishimura, walionyesha kwamba jeraha hili hutokea kwenye DNA.

Ubaya wake ni huu. Guanini ya kawaida hushikana na saitosini. Iliyojeruhiwa huweza kudanganya ikashikana na adenini. Seli ikinakili DNA yake, kosa hilo linageuka la kudumu: palipokuwa na G panakuwa na T. Makosa yakiangukia jeni nyeti, yanaweza kuchangia saratani. Habari njema ni kwamba mwili una mafundi wake, kama kimeng'enya kiitwacho OGG1, kinachoitambua herufi mbovu na kuikata ili nzima irudishwe.

Sasa uitambueje herufi moja mbovu kati ya nzima nyingi mno? Rudi kwa Heyrovský: kila kemikali ina volteji yake. Guanini iliyokwisha kuoksidishwa hutoa elektroni nyingine kwa volteji ndogo kuliko guanini nzima. Hivyo DNA hukatwakatwa kwa vimeng'enya mpaka vipande vidogo, vipande hutenganishwa kwa kupitishwa kwenye bomba maalumu, na mlangoni huwekwa elektrodi yenye volteji inayomfaa mgonjwa huyo. Akipita, mkondo unaruka. Njia hii ilionyeshwa Marekani mnamo 1986, na ilikuwa nyepesi kuhisi kuliko kutumia mwanga peke yake. Siku hizi hata mkojo hupimwa, kwa sababu mabaki ya herufi zilizokarabatiwa hutoka huko. Na ndiyo, wavutaji sigara huonekana kuwa na kiwango cha juu zaidi.

Kipimo nacho hupimwa

Usidhani mambo yalikwenda mteremko. Katika miaka ya 1990 maabara mbalimbali zilitoa majibu yaliyopishana vibaya, nyingine mara mamia kuliko wenzao. Kumbe DNA ilikuwa ikioksidishwa na hewa wakati inatayarishwa! Yaani mpimaji alikuwa akisababisha jeraha analolihesabu. Ni oksijeni tena, yule mgeni asiyealikwa wa polarografu.

Maabara za Ulaya ziliungana 1997 katika kamati iitwayo ESCODD, zikagawana sampuli zilezile na kulinganisha majibu. Vipimo vya elektrodi vilikuwa miongoni mwa vile vilivyosimama vizuri. Ikaonekana kwamba kwa mtu mzima wa afya, guanini zilizojeruhiwa ni chache tu kati ya kila guanini milioni moja. Hesabu za awali zilikuwa zimetia chumvi sana.

Na kuhusu vidonge? Nchini Finland wanaume wavutaji sigara 29,133 walishirikishwa kwenye jaribio kubwa, baadhi wakipewa beta-karotini, antioksidanti iliyosifiwa kweli kweli. Matokeo yalitoka 1994: waliopewa walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Si kwamba karoti ni sumu, kula karoti zako. Ni kwamba jambo linaweza kuwa na maelezo matamu, yenye mantiki, na bado lianguke linapopimwa.

Zebaki yenyewe ni sumu, na maabara nyingi sasa hutumia elektrodi za kaboni au dhahabu. Elektrodi za ukoo huo unazijua pengine bila kujua: kile kijimashine cha kupima sukari cha mama au shangazi nyumbani, chenye kijiti kinachopokea tone la damu, nacho husoma mkondo wa umeme.

Heyrovský alifariki Prague tarehe 27 Machi 1967, akiwa na miaka 76. Guanini iliyojeruhiwa ilikuwa bado haijagunduliwa kwenye DNA. Ingechukua miaka mingine 17. Kwa hiyo hakuona shina lake lilivyotoa tawi hilo.

Nakuachia hilo, wewe unayesoma kozi ambayo jamaa zako hawaielewi, au unayefanya kazi ndogo iliyojaa kurudiarudia na kujiuliza kama ina maana. Huenda hutajua kamwe itamfaa nani. Heyrovský hakujua. Alichohakikisha ni kwamba kila tone lilikuwa safi na kila namba aliyoandika ilikuwa ya kweli.

Na ukikutana na mtu anayekuahidi kulinda DNA yako kwa shilingi elfu mbili na bei ya kuletewa, muulize kwa adabu kipimo chake kiko wapi. Akianza kukuonyesha picha za kabla na baada, funga mfuko wako.